Mizani haisomi mwaka: feza za zamani katika masanduku yetu

Mama mmoja, mujane wa ndugu yetu wa chimbo, alitufikia hapa Bangboka na kitu kimefungwa katika kitambaa. Sarafu moja kubwa, nyeusi sawa makaa, ilitoka kwa babu ya marehemu. Munegosia mumoja alikuwa amemwambia ataipima na kulipa gramu kwa gramu. Mama akauliza: wandugu wa sendika, bei hiyo ni ya haki?

Sisi, na ujuzi wetu wa zahabu, tukafanya mambo ya bure kabisa. Tukachukua majivu na ndimu, tukasugua mpaka ikangaa. Nyuma yake njo tukaweka lupu na kusoma: faranga 5, mwaka 1887. Tulipoipeleka muji kwa mutu anayejua, aliigeuza mara mbili tu, akatuuliza nani aliisugua. Hatukuwa na jibu ya kumupa mama.

Tangu siku ile tulianza kujifunza, na haya ni ya familia zote za wachimbaji wanaoweka vitu vya wazee chini ya sanduku.

Muchimbaji wa almasi anaelewa mambo haya kuliko mutu wa ofisi. Mawe mawili ya karati moja hayana bei moja. Kuna rangi, kuna usafi, kuna ufa ndani. Sarafu nayo iko vile. Mizani inakuambia feza ni ngapi, lakini haisomi mwaka. Mwaka njo inaonyesha kama ndugu za sarafu yako walikuwa wengi ama kidogo.

Ile ya mama ni sarafu ya État Indépendant, wakati wa Léopold II. Upande mumoja kuna kichwa cha mufalme na ndevu zake, upande wa pili simba wawili wanashika ngao, na maneno ya Kifaransa «Travail et Progrès». (Kazi babu zetu waliifanya, maendeleo sijui ilipita njia gani.) Faranga 5 ina uzito wa gramu 25, na katika kila sehemu 1000, sehemu 900 ni feza safi. Upana wake ni milimita 37. Zilipigwa katika miaka mine tu: 1887, 1891, 1894 na 1896. Ukiweka ya 1887 na ya 1896 juu ya mizani, sindano inasimama fasi moja. Lakini ya 1887 zilipigwa elfu chache tu, na ya 1896 njo unaweza kukutana nayo zaidi. Munegosia anayekulipa gramu anajua hivyo, ama hajui. Kwako hasara ni ileile.

Kwa nini huku kwetu hazionekani mingi? Kwa sababu feza ile ilizunguka zaidi upande wa bahari, Boma na Matadi. Huku juu ya mto wazee walilipwa na nguo, chumvi, na mitako, zile nyaya za shaba. Mutu aliyepata faranga 5 ya feza hakuitumia sokoni. Aliifunga katika kitambaa.

Tena mwaka 1887 ni mwaka wetu wa Kisangani. Njo mwaka Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Léopold, yeye mutu wa Zanzibar na pembe za ndovu. Watu wake hawakuhesabu faranga, walihesabu riale. Kwa hiyo katika masanduku ya familia za wangwana unaweza kukuta feza ya namna ingine, na hapa watu wanadanganywa sana.

Riale ile kubwa, yenye mwanamuke munene wa shungi upande mumoja na ndege wa vichwa viwili upande wa pili, imeandikwa 1780. Mutu anasoma 1780 na moyo unaruka. Polepole, ndugu. Yule ni Maria Theresa wa Austria, alikufa mwaka ule 1780, na wafanyabiashara wa Bahari Nyekundu na Uarabuni walipenda sura yake mpaka wakakataa ingine. Basi ikaendelea kupigwa na mwaka uleule: Vienna, kisha Roma, London, Paris, Brussels, Bombay. Inaweza kuwa ya baba ya babu yako, inaweza kuwa ya juzi. Feza yake ni ya kweli, gramu 28 na 833 kwa 1000, lakini mwaka ule hausemi kitu. Hii unaweza kuiuza kwa uzito bila kulia.

Ingine haina sura ya mutu hata kidogo, ni maandishi ya Kiarabu tu. Ukiona pale ١٢٩٩, ndiyo 1299 ya hesabu ya Waislamu, sawa na 1882 hivi: ni riale ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Hiyo usiweke juu ya mizani ya mutu yeyote. Tafuta kwanza muzee anayesoma Kiarabu, tunao wengi hapa muji.

Kuna na tembo. Faranga 50 ya Congo Belge, mwaka 1944, wengi wanayo. Ni feza, ndiyo, lakini nusu kwa nusu: gramu 17 na nusu, feza safi gramu 8 na robo tatu. Ilipigwa mwaka ule moja tu, kwa hiyo hakuna mwaka wa kutafuta. Bei inafuata usafi wa sura yake. Usiichanganye na ile ya pembe sita ya faranga 2, 1943, nayo ina tembo. Ile ni shaba ya njano. Watoto wanaweza kuchezea.

Na dola? Wengi wanatuuliza juu ya dola za feza za Marekani, maana pale uwanja wa ndege kila kitu kinauzwa. Zile zenye kichwa cha mwanamuke na tai, za Morgan, zilipigwa 1878 mpaka 1904, kisha tena 1921. Ya 1921 ni mamilioni mingi. Ya 1893 yenye herufi ndogo S kwa mugongo, chini ya majani, ni 100 000 tu, na njo ile kila mutu anaitafuta duniani. Ndiyo maana, mutu akikuletea 1893-S njiani kwa bei ya chupa tatu za bia, rudisha. Dola ya kweli ina uzito wa gramu 26 na kitu, na sumaku haiivuti. Sumaku ikikamata, ni chuma imepakwa rangi. Isipokamata, bado angalia tarakimu na lupu, sababu kuna watu wanakwangua namba moja na kubandika ingine.

Katika mukutano wetu tulibishana. Vijana walitaka sendika ianze kukusanya zote za Léopold: faranga 5, 2, 1 na santimu 50, kila moja miaka mine, jumla 16. Wazuri, lakini kwa makuta gani? Mutu wa kariere analipa karo, dawa, deni ya chakula ya bosi wa shimo. Wazee walisema tufuate faranga 5 tu, na ndani yake tuamshe macho kwa 1887. Tulikubaliana na wazee. Mwaka adimu ambao haufiki Tshopo hautusaidii kitu, hata kama matajiri wa Brussels wanaupigania.

Kwa hiyo sendika imeweka lupu moja, sumaku, na mizani ndogo ya zahabu. Hatununui na hatuuzi. Tunasoma mwaka, tunaandika katika daftari, mwenye mali anarudi na mali yake.

Mama alirudisha ile 1887 katika kitambaa, hakuiuza. Alitusamehe, ama alituhurumia. Siku ya posho alituma mutoto kusema ameona mbili zingine nyuma ya picha ya ukutani, nyeusi zaidi kuliko ya kwanza. Tulimujibu: mwambie mama asiziguse na maji.