Programu Halali za Kupima Magari ya Parokia

Kamati nyingi hutuuliza kwa nini gari la zahanati likiwasha taa ya injini, fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi hushindwa kulitengeneza. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta. Spana na sikio la fundi hutosha. Injini za dizeli za D-4D, zilizomo katika Hilux nyingi, zinaongozwa na kompyuta. Ukibadilisha nozeli, namba zilizochapwa juu yake huingizwa kwenye kompyuta hiyo, la sivyo injini huweza kutetemeka na kutoa moshi. Ufunguo mpya nao lazima utambulishwe.

Vifaa vingi vya bei nafuu husoma makosa ya jumla tu. Kazi hizi mara nyingi huhitaji programu ya mtengenezaji. Ya Toyota inayojulikana sana ni Techstream. Hapo ndipo wengine hununua nakala za wizi. Sisi hatuzikubali, na si kwa sababu ya dhamiri peke yake: zinaweza kuja na virusi, na zoezi la kuingiza programu likikatika katikati, kompyuta ya gari inaweza kufa. Gharama yake hushinda kilichookolewa.

Njia halali ipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 858 ya mwaka 2018 inawataka watengenezaji wawape mafundi huru taarifa za matengenezo kwa malipo ya siku, mwezi au mwaka. Marekani, wapiga kura wa Massachusetts walipitisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na mwaka 2014 watengenezaji wakakubaliana kuifuata nchi nzima. Sheria hizo hazivuki mipaka. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi kama usajili unahusu gari la soko letu, na kama wakala wa hapa nchini anauuza.

Pamoja na usajili mtahitaji kompyuta mpakato, kiunganishi cha kiwango cha J2534 (kimoja huweza kuhudumia magari ya kampuni mbalimbali) na chaja imara, maana umeme wa betri usishuke wakati wa kazi.

Parokia moja haina haja ya kulipa mwaka mzima. Kusanyeni magari yenye matatizo kwenye karakana moja, mlipie siku chache, mfanye yote. Nanyi wafadhili mnaochangia magari, tunaomba bajeti iwe na fungu la usajili huo tangu mwanzo, kama mnavyoweka la matairi.