Sensa za bampa zikilia ovyo asubuhi, baridi inasingiziwa

Dereva anayelaza gari nje mjini Ngara, au Rulenge, au Kabanga karibu na mpaka wa Burundi, huenda ameshakutana na kioja hiki cha miezi ya Juni na Julai. Alfajiri anawasha gari, anatia gia ya kurudi nyuma, na sensa za kwenye bampa zinalia mfululizo kana kwamba kuna ukuta. Anashuka kutazama. Hakuna ukuta, hakuna mbuzi, hakuna hata jiwe. Saa nne, jua likishakolea, gari lilelile linarudi nyuma kimya kabisa. Kijiweni jibu lipo tayari: gari la Kijapani hilo, halijazoea baridi ya milimani.

Jibu hilo lina kasoro, maana kwa Wajapani wenyewe theluji huanguka kila mwaka na magari yao hulala humohumo. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ukipiga hesabu, baridi peke yake ingefanya kinyume cha kile anacholalamikia dereva.

Sensa ya bampa ni kidude cha duara chenye uso mwembamba wa alumini. Nyuma ya uso huo kimebandikwa kigae cha kauri maalumu ambacho kikipewa umeme hutetemeka, na kikitetemeshwa hutoa umeme. Kwamba fuwele fulani zikikandamizwa huzalisha umeme, hilo lilionyeshwa na ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Karne moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Toyota ilikuwa imeshaitumia tabia hiyo kwenye Corona ili kumsaidia dereva anayerudi nyuma. Ukitia gia ya nyuma, kigae hutetemeka karibu mara 40,000 kwa sekunde, ambayo ni mara mbili ya kikomo cha sikio la binadamu. Mbwa wa nyumbani huenda akaisikia sauti hiyo. Ile pii-pii tunayoisikia sisi inatoka kwenye kispika kidogo ndani ya gari, na haina kazi yoyote katika kupima.

Sauti ikishatoka kwenye bampa hugonga kitu na kurudi. Kompyuta ndogo ya mfumo huhesabu muda uliopita, ikazidisha kwa kasi ya sauti, ikagawa kwa mbili kwa sababu safari ilikuwa ya kwenda na kurudi. Kwa mti ulio meta moja nyuma ya gari, safari nzima haifiki hata sehemu sita za elfu moja za sekunde.

Hapo ndipo joto linapoingia. Kwenye hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayopungua hupunguza kasi hiyo kwa kama sentimeta 60. Tuseme ni alfajiri, hewa ina nyuzi 12, na mti uko meta moja kamili kutoka kwenye bampa. Mwangwi utachelewa kidogo, na kompyuta iliyopangwa kwa nyuzi 20 itadhani mti uko sentimeta 101. Shuka hadi Biharamulo saa nane mchana, kwenye joto la nyuzi 30, na mti huohuo utahesabiwa kuwa uko sentimeta 98. Baridi inausogeza mti mbali, joto ndilo linaloukaribisha. Kama ni kupiga kelele za bure kwa sababu ya kasi ya sauti, basi zingetokea mchana wa Biharamulo na si alfajiri ya Ngara. Tena tofauti yenyewe ni ya upana wa kidole, na mifumo mingi inayofungwa kiwandani huirekebisha kwa kusoma kipimajoto cha gari.

Wapo wanaosema ni hewa nyepesi ya milimani. Nayo haihusiki na hesabu hii. Ukipanda mlima, mgandamizo wa hewa hupungua na uzito wake hupungua sambamba, kwa hiyo kasi ya sauti hubaki ileile mradi joto ni lilelile.

Basi anayepiga kelele ni nani? Mara nyingi ni maji.

Shida inaanzia kwenye ubunifu wenyewe: kidude kimoja ndicho mdomo na ndicho sikio. Kikishapaza sauti lazima kinyamaze kwanza ndipo kisikilize, na hakinyamazi papo hapo. Aliyesoma shule ya msingi yenye rimu la gari lililotundikwa mtini kuwa kengele anaijua tabia hiyo: ukishaligonga, huendelea kuvuma hata baada ya nondo kuondoka. Kigae cha sensa nacho huvuma kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndani ya muda huo hakiwezi kutofautisha uvumi wake na mwangwi. Ndiyo sababu sensa nyingi hazipimi vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimeta 20 au 30. Mtengenezaji anajua uvumi huo unadumu kiasi gani, na kompyuta imefundishwa kuupuuza.

Sasa weka tone la maji juu ya uso ule wa alumini. Uzito umeongezeka, mtetemo umebadilika, na uvumi hauishi kwa wakati uliotarajiwa. Kompyuta inasikia kitu pale ambapo pangekuwa kimya. Kwa mantiki yake, sauti inayosikika mapema namna hiyo ni mwangwi wa kitu kilicholigusa bampa, hivyo inatoa ule mlio mmoja mrefu usiokatika.

Miezi ya kiangazi katika milima ya Ngara ina kila kinachohitajika. Usiku mbingu ni safi, joto la ardhini linapanda juu bila wingu la kulizuia, na mwili wa gari unapoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Mvuke ulio hewani ukigusa kitu baridi hivyo hugeuka umande. Na bampa lenyewe halikuwa safi, kwa kuwa jana yake gari lilitoka kwenye lami ya Lusahunga–Rusumo likaingia njia za vijijini na kujipaka vumbi jekundu. Vumbi la mchana na umande wa usiku vikikutana, asubuhi kuna tope jembamba juu ya kila sensa. Jua likikausha, tope linarudi kuwa vumbi, mtetemo unarudi karibu na ulivyokuwa, na mwenye gari anaapa kwamba ni baridi iliyoondoka.

Inafurahisha kwamba katika hospitali za wilaya hizihizi, mjamzito anayepimwa kwa altrasaundi hupakwa ute tumboni makusudi. Ni familia moja ya teknolojia, ila kule mawimbi yana mitetemo mamilioni kwa sekunde na yanatakiwa kuingia mwilini. Hewa kidogo tu kati ya ngozi na kifaa ingeyarudisha karibu yote, kwa hiyo ute unaifukuza. Kwenye bampa mawimbi yanatakiwa kwenda hewani, na hapo kila kimiminika ni adui.

Nisiitoe baridi hatiani moja kwa moja, maana ina makosa madogo. Kila sensa imezungukwa na pete ya mpira inayoitenga na plastiki ya bampa. Gari la mitumba likiwa na miaka 15 au zaidi, mpira huo umeshakakamaa, na ukipoa unakakamaa zaidi. Mtetemo unaopaswa kuishia kwenye sensa unapita hadi kwenye bampa zima. Vilevile asubuhi moshi wa ekzosi hutoka na mvuke mwingi, na pale hewa ya moto inapokutana na hewa baridi mbele ya sensa, mawimbi huweza kupinda.

Kuna kelele nyingine zisizohusiana kabisa na hali ya hewa, na watu wa huku wanazipata kwa wingi. Njia panda ya Nyakanazi wilayani Biharamulo, barabara ya kutoka Kahama inapokutana na ile ya Kibondo, malori ya Kigali na Bujumbura hupita usiku na mchana. Lori likiachia breki za upepo, ile “pssss” haiishii kwenye sauti tunayoisikia. Sehemu yake iko kwenye mitetemo ileile ya sensa. Vitabu vya maelekezo vya Toyota vinaitaja waziwazi, pamoja na injini za pikipiki na honi. Vinataja pia changarawe, majani na miteremko mikali, na hapo utadhani mwandishi aliwahi kutembelea Ngara. Ukirudi nyuma kuelekea kilimani, barabara yenyewe ndiyo inayorudisha mwangwi.

Kumjua mkosaji hakuhitaji mashine. Washa swichi bila kuwasha injini, vuta breki ya mkono, tia gia ya nyuma, kisha nenda uguse sensa moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Iliyo hai inatekenya kidole kwa midundo myepesi ya haraka. Zifute kwa kitambaa laini chenye maji, kisha kikavu. Kama mlio umekoma, kesi imekwisha na hujatumia hata shilingi. Kama haujakoma, fundi abadilishane nafasi sensa mbili za aina moja: tatizo likihama nayo, sensa imekufa, likibaki palepale, tafuta kwenye waya na plagi, ambako unyevu hupenda kujificha. Wakati yuko hapo aulizwe mambo mawili. Je, bampa liliwahi kupigwa rangi upya, na sensa zikapigwa humohumo? Tabaka nene la rangi hufanya kazi ileile ya tope, tofauti ni kwamba halikauki likaondoka. Na kama sensa zilifungwa mtaani, ule mshale mdogo wa nyuma unaelekea juu? Nyingi husikia upana mkubwa wa kulia na kushoto na upana mdogo wa juu na chini. Ikigeuzwa, inasikiliza ardhi siku nzima.

Usielekeze maji ya pampu ya kuoshea gari moja kwa moja kwenye sensa. Vijana wa kuosha magari hawana habari na hilo, na pete za mpira zilizochoka hupitisha maji.

Haya yangekuwa mambo ya usumbufu tu kama si kile kinachofuata. Wauguzi wa wodi za wagonjwa mahututi duniani kote wanaijua hali ya mashine zinazolia bila sababu hadi masikio yanaacha kuzisikia, na siku mgonjwa anapozidiwa kweli, mlio unapita kama mingine. Dereva aliyedanganywa wiki mbili hana tofauti. Kwanza anapuuza, halafu anamwambia fundi akate waya.

Hata sensa nzima ina mapungufu ambayo dereva anapaswa kuyajua. Nguo nene na blanketi hunyonya sauti badala ya kuirudisha, na mtoto mdogo aliyechuchumaa karibu na gurudumu anaweza kuwa chini ya njia ya mawimbi. Ndiyo maana kuzunguka gari kabla ya kuingia hakujawahi kupata mbadala. Ila waya uliokatwa una hatari yake ya ziada. Kwenye gari ambalo mfumo wake ulifungwa mtaani, hakuna taa ya dashibodi itakayosema kwamba sensa hazifanyi kazi. Mwenye gari anajua, lakini shemeji anayeliazima Jumamosi kwenda harusini hajui. Anaviona vidude vinne kwenye bampa, anatia gia ya nyuma, hasikii mlio, naye anaelewa kwamba nyuma ni kweupe.