Mwanamke na mazoezi: Mbio peke yake hazitoshi

MWANAMKE wa Ikolo, kata iliyo katika tambarare ya Wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hana haja ya kuamka alfajiri kwenda kukimbia barabarani ili atokwe na jasho. Ziwa hilo liko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari, na joto la pwani yake humtoa mtu jasho kabla hajashika jembe.

Mvua zinapoanza huingia shambani kupanda na kupalilia mpunga. Wakati wa mavuno hukata, hupiga, hupepeta na kubeba. Katikati ya hayo kuna kakao ya kuchuma na kupasua, maji ya kuchota, kinu na mchi vinavyomsubiri, na safari za kwenda sokoni kwa miguu au kwa baiskeli, chombo ambacho katika nchi tambarare kama Kyela ni usafiri wa kila siku.

Ukiichambua siku yake, utakuta ndani yake aina mbili za mazoezi ambazo wataalamu wa afya huzitenganisha. Safari za miguu na baiskeli ni mazoezi ya moyo na mapafu: misuli mikubwa hufanya kazi nyepesi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo huongezeka na pumzi huenda kasi. Kunyanyua ndoo kutoka chini, kuinua mchi na kupakia gunia ni mazoezi ya nguvu: kazi fupi, nzito, inayoulazimisha msuli kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake.

Dada yake aliyehamia Mbeya mjini au Dar es Salaam amepoteza yote mawili kwa mkupuo. Maji yapo bombani, mchele umekobolewa mashineni, na kutoka nyumbani hadi kazini kuna daladala au bodaboda. Baada ya miaka michache nguo zinapoanza kumbana, hukumbuka kurudisha kimoja tu. Hununua raba, akaanza kutembea au kukimbia jioni. Kile cha pili, yaani kunyanyua kitu kizito, hukiacha kwa wanaume.

Tatizo analojaribu kulitatua si dogo. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha kuwa mwaka 2004/05 wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 18. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuta wamefikia asilimia 28, na kiwango cha mijini kilikuwa takriban mara mbili ya kile cha vijijini.

Serikali nayo imehimiza mazoezi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili ya mazoezi nchini kote. Mkoani Mbeya, mbio za Tulia Marathon nazo zimewatoa barabarani watu wengi ambao hawakuwa wanariadha. Ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, anayetazama makundi hayo ataona kwamba karibu kila kitu ni mwendo: matembezi, mchakamchaka na mbio.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya moyo na mapafu kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Sentensi inayofuata inamtaka pia afanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa ya mwili, siku mbili au zaidi kila wiki. Haimwambii achague mojawapo.

Mwili hauwezi kudanganywa

Kuna sababu ya msingi kwa nini mbio haziwezi kushika nafasi ya uzito. Mwili hujirekebisha kulingana na kazi unayopewa, na kwa kazi hiyo tu. Ukiupa safari ndefu, moyo hupanuka uwezo wake wa kusukuma damu, mishipa midogo huongezeka misulini, sukari na mafuta hutumika vizuri zaidi. Shinikizo la damu hushuka. Lakini mguu unaopiga hatua 5,000 haujapewa sababu ya kuongeza nguvu, na mikono, mabega na mgongo havijapewa sababu yoyote kabisa.

Kwa mwanamke jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia miaka ya thelathini binadamu huanza kupoteza misuli taratibu, na asipoitumia hupoteza haraka zaidi. Hedhi inapokoma, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua na mifupa huanza kuwa myepesi. Matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye, kwa bibi aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga, au asiyeweza kunyanyuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono.

Nchini Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith waliwachukua wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kupungua. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito chini ya usimamizi, nusu saa tu, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa mifupa ya kiuno ya kundi la kwanza iliongezeka uzito kwa karibu asilimia 3, wakati ya kundi la pili iliendelea kupungua. Kwa mifupa ya watu wa umri huo, hiyo ni tofauti kubwa.

Lipo pia suala la mizani, ambalo huwavunja moyo wengi. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hutembea kwa wingi kila siku wakitafuta mizizi, asali na wanyama. Watafiti waliopima nishati wanayotumia walieleza mwaka 2012 kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawatumii nishati nyingi kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Mwili hubana matumizi upande mwingine. Kwa hiyo anayekimbia kila jioni huku akiendelea na chapati tatu na soda asishangae mizani ikikataa kushuka.

Na anayepunguza chakula huku akikimbia tu hujikuta katika hasara nyingine: sehemu ya uzito anaopoteza ni misuli. Mazoezi ya nguvu, pamoja na maharage, samaki na dagaa wa kutosha kwenye sahani, huilinda misuli hiyo wakati mafuta yanapopungua.

Hofu ya kuwa na kifua cha mwanamume

Wanawake wengi hukwepa vyuma kwa kuogopa kutuna mabega na kupoteza umbo. Hofu hii haina msingi. Misuli mikubwa ya wanaume hutegemea sana homoni ya testosteroni, ambayo mwanamke anayo kwa kiwango cha chini mara kumi au zaidi. Wanawake wanaoonekana kwenye picha za mashindano wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, saa nyingi kila siku, kwa mlo maalumu, na baadhi yao kwa msaada wa dawa.

Ajabu ni kwamba hofu hiyo haimgusi mwanamke wa Kyela anayetwanga. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi yake kuwa mchi utamfanya mwanamume.

Swali la maana zaidi ni kama mbio na vyuma vinagombana. Mwaka 1980, Robert Hickson wa Marekani, mpenzi wa vyuma aliyeona nguvu zake zikipungua alipoanza kukimbia na mwalimu wake, alilifanyia utafiti jambo hilo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu siku tano kwa wiki, la pili mazoezi ya kukimbia na baiskeli siku sita, la tatu likafanya yote. Baada ya wiki 10, kundi la tatu lilikuwa na pumzi sawa na la pili. Nguvu zake, zilizokuwa zikipanda vizuri kwa takriban wiki saba, zilisimama kisha zikaanza kurudi nyuma.

Matokeo hayo yamewatisha wengi pasipo sababu. Waliochunguzwa walikuwa wakifanya kazi ngumu siku 11 za mazoezi ndani ya wiki yenye siku saba. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa kwa mtu wa kawaida anayefanya kiasi, mgongano huo ni mdogo mno. Tahadhari inayobaki ni kutopachika mazoezi yote makali katika saa moja. Ikilazimu, aanze na uzito akiwa na nguvu mpya, kukimbia kufuate.

Ndoo ya lita 20

Hapa ndipo msomaji wa mjini anaweza kuuliza: je, yule mwanamke wa Ikolo amekwisha kumaliza kila kitu kwa kubeba ndoo? Jibu halikutarajiwa hata na wanasayansi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Waligunduliwa kuwa wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada. Kwa mwanamke wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza siri yake: mwendo wao hufanana na timazi inayobembea, nguvu ya hatua moja ikiokolewa kwa ajili ya inayofuata. Uchunguzi wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 haukuikuta nafuu hiyo kwa kila mwanamke, lakini ulithibitisha kuwa tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa.

Kwa mbebaji, huo ni ustadi wa kujivunia. Kwa upande wa mazoezi, maana yake ni kwamba mzigo uleule unaobebwa kwa mwendo uleule kwa miaka 20 hauongezi nguvu tena. Unachofanya ni kukandamiza shingo. Mkulima aliyeinama shambani kutwa nzima anauchosha mgongo bila kuuimarisha, na hakuna siku iliyopangwa ya kupumzika.

Kwa hiyo mahitaji ya ndugu hawa wawili yanapishana. Wa mjini anahitaji kurudishiwa uzito. Wa kijijini anahitaji uzito ulio na mpango: pande zote za mwili, kidogo kidogo, na siku ya mapumziko katikati.

Vifaa si kikwazo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu ni chuma chenye kipimo. Anayeanza ajaze lita tano, ashike dumu kwa mikono miwili kifuani, achuchumae kama anayekaa kwenye kigoda kisha asimame, mara nane hadi 12. Apumzike dakika mbili, arudie mara mbili. Kisha aweke dumu chini, alinyanyue mgongo ukiwa umenyooka, akisukuma kwa miguu na nyonga. Alivute dumu kuelekea ubavuni akiwa ameinama na mkono mmoja umeegemea kiti. Amalizie kwa kujisukuma kutoka ukutani, na akizoea, kutoka sakafuni.

Mara mbili za mwisho katika kila awamu ziwe ngumu kiasi cha kumfanya akunje uso. Zikiwa rahisi, aongeze lita. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani hubaki na lita tano mwaka mzima kisha husema mazoezi hayana faida.

Wiki inaweza kupangwa hivi: Jumatatu na Alhamisi dumu, dakika 30. Jumanne, Ijumaa na Jumapili kutembea kwa kasi, kukimbia polepole au baiskeli, dakika 50 kila siku, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba. Dakika 150 zinakuwa zimetimia, na siku mbili zinabaki za kupumzika.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya kifua au uvimbe wa miguu amwone daktari kwanza. Aliyejifungua karibuni asikimbilie mizigo mizito. Misuli ya sakafu ya nyonga inahitaji wiki kadhaa kupona, na mkojo unaotoka wakati wa kunyanyua ni dalili kwamba muda bado. Kwa mjamzito asiye na matatizo, mwongozo uleule wa mwaka 2020 unashauri mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli.

Huko Ikolo, miezi ya kupalilia na ya kuvuna si wakati wa kuongeza kitu chochote. Mwili umekwisha kupewa zaidi ya unachohitaji. Nafasi inapatikana mpunga ukiwa umeingia ghalani, mashamba yakiwa makavu. Dumu lipo tayari jikoni, na kinachohitajika ni nusu saa mara mbili kwa wiki ambayo mtu mwingine katika nyumba hiyo atakubali kwenda kuchota maji.