Mafunjo yanaweza kuota nyuma ya jiko

Ndugu wanamemba wa koperative, kwetu Rutshuru mwenye kutaka mafunjo (urufunzo) ya kusuka mkeka anashuka bondeni kuyakata. Lakini mabonde yanazidi kulimwa, na siku njia si nzuri, mama anakaa bila kazi. Basi tupande kidogo nyumbani, pale maji ya kuoshea vyombo na nguo yanapomwagika.

Wengi wanauliza: haitavamia maharagi kama ndago? Ni kweli, mafunjo na ndago ni ukoo mmoja. Lakini ndago huzaa viazi vidogo vinavyongoja udongoni hata wakati wa kiangazi. Mafunjo hayana viazi hivyo. Yanatambaa kwa shina la chini, na yanataka maji siku zote. Penye ukavu yanakufa.

Namna ya kupanda

Chagua mahali penye jua. Chimba shimo la upana wa metre 1 na kina cha sentimetre 50. Udongo wetu wa volkano unapitisha maji haraka, kwa hiyo tandika chini udongo wa mfinyanzi ao bashi kuukuu. Rudisha udongo mweusi, mwagilia mpaka uwe potopoto.

Bondeni, omba ruhusa kwa wenye eneo, kisha kata kipande cha shina la chini chenye machipukizi 2 ao 3. Kifunike kidogo tu kwa udongo. Usiache maji yasimame juu, sababu mbu watazaa humo.

Mbolea si lazima. Mafunjo yananyonya azoti na fosfori toka maji machafu, vile vilevile tunavyonunua ndani ya mfuko wa NPK. Kule Kampala, maji machafu ya mji yamepita miaka mingi katika bonde la mafunjo la Nakivubo kabla ya kufika Ziwa Victoria. Lakini maji yaliyopita humo si ya kunywa. Na usipande kwenye chemchemi ao mfereji: yataziba njia ya maji.

Wakati wa kuvuna

Kata mabua yaliyokomaa, acha machanga. Ukikata yote mara kwa mara, shina la chini linachoka. Pasua, anika juani, kisha suka.

Shimo moja halitoshi biashara. Lakini nyumba 10 zikipanda, wasukaji wana pa kuanzia, na bonde linapata kupumua.