Mtoto akiokota chuma porini, afanye nini?

Novemba 1992, mkulima wa kijiji cha Hoxne, Uingereza, alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake mstaafu, Eric Lawes, aitafute kwa detekta, kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Lawes akakutana na dhahabu na fedha za enzi za Warumi. Sarafu peke yake zilifika 14,865.

Alipoona si jambo la kawaida, aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu wakafukua vilivyobaki vikiwa salama. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Hata nyundo ilipatikana.

Huko Ulaya, kusaka vitu vya kale kwa detekta ni burudani ya wikiendi. Huku kwetu watoto wengi husaka kwa macho: wanaokota vyuma chakavu ili wauze kwa kilo. Somo la Lawes, kuacha na kutoa taarifa, linawahusu zaidi wao.

Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara mkoani Kagera, bomu liliua wanafunzi wasiopungua watano na kujeruhi wengine wengi. Lilikuwa limeokotwa kwa kudhaniwa ni chuma chakavu.

Mzazi, mfundishe mwanao haya:

Asiguse, asigonge, asirushe chuma asichokijua. Kutu haiui bomu. Lililokaa ardhini miaka mingi bado linaweza kulipuka.

Arudi kwa njia aliyojia, awazuie wenzake, amwite mtu mzima. Wewe toa taarifa polisi au kwa uongozi wa kijiji. Usiende kulibeba.

Akichomwa na chuma au msumari, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya waangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, hivyo hata msumari usio na kutu unaweza kuviingiza mwilini.

Akiona sarafu au vyungu vya kale, asiendelee kufukua. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na uchimbaji wa aina hiyo unahitaji kibali.

Zaidi ya yote, akija kukwambia, usimgombeze. Mtoto anayeogopa fimbo huficha alichookota ndani ya begi la shule.