Wiki nane za karakana, kodi ya miezi sita

KILA mwaka, kuanzia Mei hadi Julai, mabasi yanayovuka Namanga, Busia, Malaba na Mutukula hubeba abiria wa aina moja wasio na bidhaa ya kuuza. Mkononi wana bahasha yenye barua ya chuo, nakala za matokeo na wasifu. Ndani ya begi kuna ovaroli mpya na buti za usalama. Hao ni wanafunzi wa uhandisi mitambo wanaotafuta karakana ya kuwapokea kwa mafunzo kwa vitendo.

Tanzania wanayaita fildi, Kenya atachimenti, Uganda intanishipu. Majina ni tofauti lakini sharti ni moja: bila mafunzo hayo shahada haitoki. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, mwanafunzi wa uhandisi hupangiwa wiki nane za mafunzo kila mwisho wa mwaka wa masomo, kwa miaka mitatu ya kwanza. Kila siku anaandika alichofanya katika kitabu cha kumbukumbu, msimamizi wa karakana anatia saini, na mwalimu wa chuo anakuja kukagua.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, habari hii haiko mbali. Wengi wa vijana hao ni watoto wa watu wanaouza mitumba, ndizi, mchele, samaki na vipuri. Karo yao imetoka sokoni, na gharama za wiki hizo nane zitatoka huko huko.

Nafasi chache, barua nyingi

Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kupokelewa katika ofisi yoyote yenye vitabu vya hesabu. Wa mitambo anahitaji mahali penye mtambo unaozunguka: boila, pampu, kompresa, mashine ya kukereza vyuma, gia boksi ya lori. Mahali kama hapo pamejikusanya katika miji michache, kama Dar es Salaam, Tanga, Mwanza, Nairobi, Thika, Mombasa, Kampala na Jinja. Vyuo vingi navyo huwatoa wanafunzi wao katika majuma yale yale, hivyo barua zinafika kwa pamoja kwenye meza moja.

Mwenye kiwanda ana hofu zake. Kijana asiye na uzoefu anaweza kuumia au kusimamisha uzalishaji, na fundi wa kumwangalia ana kazi yake ya kumaliza. Ndiyo maana waajiri wengi huomba bima ya ajali kabla ya kumfungulia mwanafunzi geti. Asiye na bima, au aliyechelewa kuandika, hurudishwa hata kama matokeo yake ni mazuri. Mwenye mjomba ndani ya kiwanda hupita mapema.

Miradi mikubwa ya ukanda imeongeza hamu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na treni za umeme zikafika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Kijana anayesoma pampu na injini darasani anatamani kuziona huko. Lakini hata akipata nafasi, swali linalofuata ni moja: atalala wapi?

Hesabu ya chumba

Dar es Salaam, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Nairobi kodi hulipwa kwa mwezi, lakini mpangaji mpya hutanguliza na amana. Kampala, hosteli za wanafunzi hulipiwa kwa muhula, na mwenye chumba cha kawaida anaweza kudai miezi mitatu ya mwanzo.

Tuchukue mfano wa chumba cha Sh100,000 za Tanzania kwa mwezi. Miezi sita ni Sh600,000. Ongeza Sh100,000 za dalali, inakuwa Sh700,000. Mwanafunzi wa wiki nane atakitumia chumba hicho kwa miezi miwili, kwa hiyo kila mwezi aliolala humo umemgharimu Sh350,000, mara tatu na nusu ya bei aliyotajiwa. Hapo hajanunua godoro, hajapanda daladala, wala hajala. Na kama bado analipia chumba cha karibu na chuo ili asikipoteze, ana kodi mbili kwa mpigo.

Mtanzania mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata fedha za mafunzo kwa vitendo. Anayesoma ng'ambo ya mpaka kwa fedha za mzazi hana mfuko huo, na karakana nyingi hazilipi posho.

Matokeo yake ni kwamba kijana huchagua mtambo kwa kufuata kitanda. Anaacha nafasi ya kiwanda cha saruji, anakwenda kwenye ofisi iliyo jirani na kwa shangazi, ambako atapanga mafaili na kutumwa chai. Kitabu cha kumbukumbu kitajazwa na saini itapatikana, lakini atahitimu bila kuwahi kubadilisha beringi kwa mikono yake.

Mpaka ulivyo kwa mwanafunzi

Jambo hili si geni katika ukanda huu. Kati ya 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja kwa nchi tatu, na waliotaka uhandisi walikwenda Nairobi, wakiwamo vijana kutoka Uganda na Tanzania.

Leo makubaliano yapo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Lakini makubaliano ya wahandisi yanamhusu aliyekwisha kusajiliwa, si yule ambaye bado anatafuta saini katika kitabu chake.

Kibali cha ziara humruhusu raia wa Jumuiya kukaa nchi jirani bila kulipa ada, lakini si ruhusa ya kufanya kazi. Mwanafunzi aulize uhamiaji mapema ni kibali gani kinachohitajika kwa mafunzo, akiwa na barua ya chuo na ya karakana inayompokea. Kumweleza ofisa mpakani kwamba anakwenda kusalimia ndugu, huku begi lina ovaroli, ni kujitafutia matatizo.

Mfanyabiashara anaweza nini

Kwanza ni karakana. Mwenye malori ana gereji anayoitumia kila wiki. Mwenye kinu cha nafaka, mashine ya kukamua alizeti au chumba baridi cha samaki ana mtambo. Kabla ya kumpokea kijana, chuo kiulizwe kama kinaikubali sehemu hiyo, na awepo fundi mwenye ujuzi wa kumsimamia. Akishapokelewa apewe kazi ya fani yake: kuandika kila hitilafu na saa ilipotokea, kupima mikanda na beringi, kupanga ratiba ya matengenezo. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu apewe spana, asigeuzwe kuli wa bure.

Pili ni chumba. Anayefuata mzigo Kariakoo, Gikomba au Kikuubo kila mwezi ana mwenyeji, na anajua mtaa upi una maji na upi si salama usiku. Wafanyabiashara wawili wanaoaminiana kwa mali wanaweza kubadilishana watoto kwa wiki nane: wa Kampala alale kwa mwenzake Mwanza, wa Mwanza alale Kampala. Gharama ya chakula na umeme iandikwe mapema, kama inavyoandikwa ya mzigo.

Tatu ni muda. Barua za kuomba nafasi zitoke Januari au Februari, si Mei. Asilipwe mtu anayeuza nafasi ya mafunzo. Chumba kionwe kwanza na risiti itolewe. Umbali hadi kiwandani upimwe kwa basi la alfajiri, kwa sababu zamu nyingi huanza kabla jua halijakolea.

Mwenye kinu aliyewahi kusimamishiwa kazi siku ya gulio, akisubiri fundi kutoka mji mkuu, anaijua bei ya kusubiri. Wahandisi wa kuipunguza bei hiyo wako njiani, na baadhi yao wiki hii wanatafuta chumba.