Jalada Si Kitabu: Kulinganisha Sura Tofauti za Riwaya Moja ya Kifantasia

Fikiria, mwalimu mwenzangu, darasa la Kidato cha Tatu mjini Ruiru. Nusu ya wanafunzi wana nakala walizorithi kwa kaka na dada zao; nusu nyingine wana nakala mpya zilizonunuliwa Thika. Anwani ni moja, mwandishi ni mmoja, lakini majalada ni mawili. Mimi nimewahi kuingia katika darasa la namna hiyo. Kipindi kizima kilipita bila kusoma hata aya moja kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakibishana ni kitabu cha nani kilicho halisi. Mzazi mmoja alikuwa amekwisha kumnunulia mwanawe nakala ya pili, akiamini kwamba ile ya kwanza imepitwa na wakati. Nilipozilinganisha nakala hizo ukurasa kwa ukurasa, sikupata neno hata moja lililobadilika.

Kisa hiki kilinifunza kuwa tunawafunza wanafunzi kuhakiki wahusika, maudhui na mbinu za lugha, lakini aghalabu hatuwafunzi kulisoma jalada. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo kwa kutumia riwaya moja ya kifantasia iliyovaa sura mbalimbali, zikiwemo za Kiswahili.

Jalada ni nini?

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, alivieleza vitu kama anwani, jina la mwandishi, dibaji na maelezo ya nyuma ya kitabu kuwa vizingiti. Msomaji huvivuka kabla ya kuingia katika matini yenyewe. Ikumbukwe kwamba vizingiti vingi havijengwi na mwandishi. Mchapishaji ndiye anayemwajiri mchoraji, na mchoraji ana macho yake, soko lake na zama zake.

Wanafunzi wetu wataelewa haraka ukiwataja matatu za Barabara ya Thika. Mbili zinaweza kutoka Ruiru kwenda Thika kwa nauli ile ile, moja ikiwa imechorwa kila mahali na nyingine ikiwa na rangi moja tu. Vijana watasubiri ile iliyochorwa. Hata hivyo, mfano huu una mpaka. Michoro ya matatu haibadilishi njia, ilhali jalada linaweza kubadilisha matarajio ya msomaji, na kwa hivyo namna atakavyoisoma hadithi.

Katika fantasia, uzito wa jalada huongezeka. Riwaya ya kihalisia inayotaja soko au shule humkuta msomaji akiwa na picha yake tayari. Fantasia huvunja kanuni za ulimwengu tuujuao: wanyama hunena, miili hugeuka, nchi huelea angani kama ile ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Mchoraji ndiye wa kwanza kumwonyesha msomaji ulimwengu huo. Akikosea, msomaji huanza safari akiwa amepotoka.

Sura tatu za msichana mmoja

Hebu tuitazame riwaya ya Lewis Carroll kuhusu msichana Alice, ambaye anamfuata sungura hadi shimoni na kujikuta katika nchi ya maajabu.

(a) Toleo la London, 1865. Kampuni ya Macmillan ilikitoa kitabu kikiwa na jalada la kitambaa chekundu. Carroll mwenyewe ndiye aliyependelea rangi nyekundu inayong'aa, kwa hoja kwamba ingewavutia watoto. Mbele kulikuwa na duara la dhahabu lenye picha ya Alice amepakata nguruwe mchanga, na nyuma kulikuwa na paka anayetabasamu. Picha zote mbili zinatokana na michoro ya John Tenniel, na matukio yote mawili yamo katika sura ya sita. Nguruwe huyo alikuwa mtoto mchanga aliyegeuka mikononi mwa Alice. Paka naye ana uwezo wa kutoweka na kuliacha tabasamu lake. Hivyo basi, jalada halikuteua mwanzo wa hadithi wala mwisho wake. Liliteua ugeukaji, ambao ni kiini cha fantasia hii.

(b) Elisi katika Nchi ya Ajabu, 1940. Tafsiri hii ya E. V. St. Lo Conan-Davies ilichapishwa na Sheldon Press ya London. Michoro yake ilifuata mpangilio wa Tenniel, lakini Elisi alichorwa kama msichana Mwafrika. Hapa yafaa uwaulize wanafunzi: je, hadithi imebadilika? Matukio ni yale yale. Lakini msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1940 hakuhitaji tena kumtazama mgeni akistaajabu. Alimwona binti anayefanana na wa kwao. Waulize pia: picha ya msichana amepakata nguruwe ingepokelewaje na Waislamu wa Unguja au Lamu? Swali hili linamfunza mwanafunzi kwamba ishara moja haina maana moja kwa hadhira zote.

(c) Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, 2015. Miaka 150 baada ya toleo la kwanza, Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya kupitia kwa mchapishaji Evertype. Tulinganishe anwani peke yake, kwa kuwa anwani ni sehemu ya jalada. 'Katika' inatuambia mhusika yuko wapi. 'Ndani ya' inasisitiza kuzama na kuzungukwa, jambo linaloafikiana na msichana anayetumbukia shimoni. Jina nalo limetoka Elisi na kuwa Alisi. Mtahiniwa anayeweza kueleza tofauti ndogo kama hizi amekwisha kuanza kuhakiki.

Onyo kutoka kwa Tolkien

Si kila jalada ni shahidi mwaminifu. J. R. R. Tolkien alichora mwenyewe jalada la riwaya yake The Hobbit ya mwaka 1937. Alitaka jua liwe jekundu, lakini wachapishaji waliiondoa rangi hiyo ili kupunguza gharama. Kwa hivyo, kabla ya mwanafunzi kudai kuwa rangi fulani inaashiria jambo fulani, akumbuke kwamba wakati mwingine rangi huamuliwa na mfuko.

Mwaka 1965, kampuni ya Ballantine ya Marekani ilitoa riwaya hiyo ikiwa na jalada la Barbara Remington. Lilikuwa na simba, ndege aina ya emu na mti wenye matunda ya ajabu. Tolkien alilalamika kwamba havikuhusiana na hadithi. Remington alikuwa amechora bila kupata nafasi ya kukisoma kitabu, na simba aliondolewa katika chapa za baadaye. Mtahiniwa, jiulize: ukijenga hoja yako juu ya simba huyo, utamthibitisha kwa ukurasa upi?

Jinsi ya kulinganisha

Napendekeza hatua nne zifuatazo.

1. Anza na ukurasa wa hakimiliki. Tofautisha toleo na chapa. Chapa mpya kwa kawaida ni matini ile ile iliyopigwa upya, hata kama jalada ni jipya. Toleo jipya huenda limefanyiwa marekebisho. Hatua hii ingeziokoa fedha za yule mzazi.

2. Eleza kabla ya kufasiri. Nani yuko mbele? Anatazama wapi? Ni nini kilichoachwa nje?

3. Tafuta ushahidi katika matini. Kila kipengele cha jalada kipate tukio, mhusika au dhamira inayokiunga mkono. Kisichopata, sema wazi kwamba hakipati.

4. Linganisha hadhira. Kila jalada linamwita nani, na linamfungia nani nje?

Mazoezi haya yanaweza kufanywa kwa Kusadikika au kwa Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila. Hata pasipo nakala zenye majalada tofauti, wagawe wanafunzi katika makundi mawili, kila kundi lichore jalada lake, kisha kundi la pili lidai ushahidi.

Kwa mtahiniwa

Usiandike: 'Jalada lina msichana na nguruwe, kwa hivyo riwaya inahusu ufugaji.' Andika: 'Jalada linamwonyesha msichana amepakata nguruwe. Katika sura ya sita, mtoto mchanga anageuka kuwa nguruwe mikononi mwake. Picha hii basi inaoana na maudhui ya ugeukaji yanayoitawala riwaya.' Katika jibu la pili, matini ndiyo inayotoa uamuzi.

Wahenga walinena, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Nasi tuongeze kwamba hata mkakasi uliochakaa unaweza kuwa na hazina. Yule mwanafunzi wa Ruiru aliyeionea haya nakala ya dada yake, yenye jalada lililokwaruzika na kubandikwa utepe, alikuwa nayo hadithi nzima mkononi. Kazi yetu ni kumfunza kuifungua.